Rozari ya Kuamia Ndege

Tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza, akiwa na siku tisa tu, mimi na mke wangu tuliahidiana kusali rozari pamoja kila jioni. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelitamka, tena kwa machozi, na mimi ndiye niliyelivuruga kwa kusinzia.

Mimi ni fundi pikipiki hapa mtaa wa Mlabani. Watu wa bodaboda hawana subira: saa kumi na mbili asubuhi wameshafika wanagonga, na jioni kila mmoja anataka yake itoke leo leo. Nikirudi nyumbani naoga, nakula, tunapiga magoti. Rozari ina matendo matano; tendo la kwanza nilikuwa naitikia vizuri. La pili, kidevu kifuani. Nikaweka kengele ya alfajiri kwenye simu, nikawa naizima huku nimelala. Nikajaribu kusali karakana, lakini mteja akikusimamia na "fundi, bado?" yake, hata Baba Yetu hukumbuki umefika wapi.

Mke wangu hakugomba. Alimaliza peke yake, akanifunika shuka. Baadaye akaacha hata kuniita, na hilo liliniuma kuliko ugomvi.

Mpunga wa shamba letu la Katindiuka ulipoanza kujaa, ndege wa kwelea wakavamia. Ekari mbili mtu mmoja hawezi kuziamia, yaani kuwafukuza ndege wasile.

"Fundi, ama uje, ama mwaka huu tutakula makapi," mke wangu akaniambia.

Nikafunga karakana siku nne. Wateja walinisema sana.

Yeye alikaa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, la upande wa barabara, mimi nikapanda la upande wa pili. Siku ya kwanza tulipiga makopo na kupayuka mpaka makoo yakakauka. Asubuhi ya pili nikasikia kutoka kule, kwa sauti ileile ya kufukuzia ndege: "Salamu Maria, umejaa neema!"

Nikacheka. Kisha nikajaza kifua: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu!"

Kwelea wakainuka kundi zima. Jirani yetu, mzee mmoja Msukuma, akasimama kwenye jaruba lake la mpunga akitushangaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi ndege wenu wakisikia sala wanakimbia?"

"Wanakimbia, mzee."

"Basi wa kwangu watakuwa wameokoka. Hawabanduki."

Huwezi kusinzia ukisali kwa kupayuka. Tukamaliza la pili, la tatu, la nne, nami nikajiona mwanamume wa maana sana. Kabla ya la tano mke wangu akanyamaza. Nikamwita, akajibu kwa sauti ndogo, ikabidi niteremke nimfuate, nikamkuta ameketi chini ya dungu lake.

"La tano huwa namtolea mtoto," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa umeshalala."

Hakusema kwa lawama, na afadhali angelaumu. Mwaka na nusu alikuwa akimwombea mwanetu peke yake, mimi nakoroma pembeni yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote.

"Leo anza wewe," akaniambia.

Tangu tulipomzika sikuwahi kulitaja jina lake. Nililitaja pale, nimepiga magoti kwenye tope, kisha nikaanza Salamu Maria kwa sauti isiyofika hatua mbili. Mke wangu akaitikia. Kwelea wakashuka mpungani wakala walivyotaka, na hakuna kati yetu aliyegeuka kuwatazama.