Povu la Shampuu na Dawa ya Kupe

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la dawa hapa Ifakara, nyuma ya mzee mfugaji aliyevaa koti jeusi. Mabegani koti lilikuwa limejaa unga mweupe, na haukuwa wa sembe. Alisimika chupa tupu ya shampuu kwenye kaunta kama mtu anayerudisha mzigo mbovu.

"Dawa yenu ya mba haifanyi kazi. Limao nimepaka, mshubiri nimepaka, na hii nayo ni yale yale."

"Shikamoo, baba," akasema dada muuzaji.

"Marahaba."

"Hii unaitumiaje?"

"Napaka, ikitoa povu nasuuza."

"Papo hapo?"

"Sasa nikae na povu kichwani nasubiri nini?"

Dada akaitazama fimbo yake ya kuchungia. "Ng'ombe wako, baba, ukishawapulizia dawa ya kupe, unawasuuza?"

Mzee akacheka mpaka akaegemea kaunta. "Binti, ukiisuuza, itaua kupe saa ngapi?"

Dada akamsogezea chupa mpya, taratibu. Kicheko kikaisha. Mzee akajikuna kichwa, kisha akakitazama kiganja chake.

"Iache dakika tano, baba, halafu ndiyo usuuze. Mara mbili kwa wiki."

Akalipa, akaondoka. Nikawaza jinsi tunavyofuata maelekezo yote ya dawa ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ni mali. Kichwa tulikipata bure.

"Na wewe, kaka?" dada akaniuliza.

Nikavua kofia.