Minazi ya Bibi Upande wa Barabara

Katikati ya miaka ya hamsini niliachwa na mume wa kwanza, nikarudi kwa bibi yangu, mama yake mama, katika kijiji kimoja kusini ya Tongoni. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye nguvu za kutwanga na hasira za kutosha. Bibi alikuwa mjane. Shamba lake la minazi alilinunua mwenyewe kwa kushona kofia na kuuza mbata, yaani nazi kavu, babu akiwa bado hai, na hakuna mtu kijijini aliyesema vinginevyo. Katika watoto wake alibakiwa na mmoja tu, mjomba wangu, aliyekuwa nyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mkonge ulikuwa na bei wakati ule, na nyapara alikuwa mtu mkubwa. Mjomba alizoea kusema na watu kwa fimbo, na hata akija nyumbani fimbo hakuiacha.

Msikitini kwetu palikuwa na sheikh aliyesomesha vitabu vikubwa. Wanafunzi wake hawakuwa watoto wa chuo cha Kurani. Walikuwa watu wazima waliokwisha khitimu Kurani zamani, wengine walikuwa walimu makwao, wakaacha kazi na kuja kusoma fikihi, tafsiri na mirathi. Masomo hayo huchukua miaka, na miaka yote hiyo mtu hana pato. Walilala kwenye banda nyuma ya msikiti. Wakiletewa chakula walikula, wasipoletewa walikaa kwenye darsa na njaa yao, na sheikh alisomesha kama kawaida kwa sababu naye hakuwa na cha kuwapa.

Bibi aliwapelekea chakula muda mrefu. Kisha Ijumaa moja, baada ya sala, akamwita sheikh na mashahidi akasema mbele yao kwamba nusu ya shamba lake, ule upande wa barabara, ni wakfu. Nazi zake ziwalishe na kuwavisha wanaosoma pale, wa sasa na watakaokuja. Lisiuzwe, lisirithiwe.

Mjomba alipopata habari alikuja siku ileile. Hakutusalimu. Alimuuliza mama yake kama amerogwa, halafu akalipiga teke sufuria la wali lililokuwa jikoni, la kupelekwa msikitini. Maji ya moto ya wali ule ambao haujakauka yaliniunguza miguu yote miwili. Bibi aliposimama mbele yake, mjomba alimsukuma, bibi akaangukia kinu na kupasuka juu ya jicho. Mjomba akasema atakayeokota nazi upande ule atamkata, akaondoka. Bibi alijifunga kitambaa kichwani, akaniambia nipike wali mwingine.

Zilipofika siku za kuangua nazi, wanafunzi walikuja wenyewe. Mmoja wao, kijana wa Ushongo mwenye hati nzuri kiasi kwamba sheikh alimpa yeye kunakili vitabu, alikaa chini akifua nazi makumbi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha. Mimi na mwanafunzi mwingine tulikuwa tukibeba makapu kwa mti begani. Nilimwona mjomba akitokea barabarani na mtu wake mmoja wa kule mkonge, kila mmoja na panga. Nilipiga kelele. Yule kijana aligeuka na kuinua mkono wa kulia kujikinga uso, panga likashuka juu ya mkono. Vidole viwili viliangukia kwenye makumbi. Cha tatu kilibaki kikining'inia kwa ngozi.

Mjomba aliinua panga tena. Nikautupa mzigo, nikaushika ule mti kwa mikono miwili na kumpiga nao begani kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukivunjika. Panga likamtoka. Nilimpiga tena alipokuwa anapiga magoti, na ningeendelea. Yule mwenzake alirushiwa nazi nzima usoni na mkwezi aliyekuwa juu ya mnazi, akakimbia huku damu na meno vikimtoka. Watu walikuja kutoka mashamba ya jirani, na wale wanafunzi wa dini, watu ambao sikuwahi kuwasikia wakipaza sauti, walimpiga mjomba kwa makuti, kwa mateke na kwa mawe mpaka akawa hapigi tena kelele.

Bibi alifika akitweta. Nilidhani atamlalia mwanawe amkinge. Alisimama tu pembeni yake na kusema, “Inatosha. Mfungeni.” Wakamfunga. Kortini Tanga alihukumiwa kifungo, na bibi alikuwa shahidi.

Kijana alirudi kutoka hospitali na mkono uliofungwa kama kifurushi. Tukampelekea chakula, hakula. Siku ya pili pia hakula. Wenzake walisema anaona chakula kile kina damu, na kwamba anaogopa kula mali ambayo mrithi hakuiridhia. Bibi akavaa buibui na kwenda bandani mwenyewe. Kijana alimwamkia shikamoo bila kuinua macho. Bibi akakaa kwenye mkeka.

“Unasoma mirathi,” akamwambia. “Mtu akiwa hai, mali ni ya nani?”

“Ni yake, bibi.”

“Mimi ni hai?”

“U hai.”

“Basi kula.”

Kwa kuwa mkono wake wa kulia haukufaa, bibi alitia tonge na kumlisha mwenyewe, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha. Kijana alikuwa akilia wakati anatafuna. Baadaye alijifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na baadhi ya wazee wakaguna. Sheikh akawauliza kama wao wana mkono wa kumwazima.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Mjomba alikuwa ameshatoka kifungoni, bega lake limepinda. Jeneza liliwekwa uwanjani, wanaume wakapanga safu, nasi wanawake tukatazama kupitia ua wa makuti. Sheikh alikuwa mgonjwa, hivyo watu walimtaka yule kijana wa Ushongo asalishe. Alikataa kusogea. Alisema mwana wa maiti yupo, na haki ya kumsalia ni yake kwanza.

Watu wakamgeukia mjomba. Nilijua, kama wengi walivyojua, kwamba mjomba hakuijua sala ya maiti. Alisimama akitazama jeneza, kisha akautazama ule mkono uliopungukiwa vidole. Mimi nilikuwa nimeokota jiwe, sijui kwa nia gani.

“Tangulia,” mjomba akasema mwishowe. “Msalie mama yangu.”

Kijana alisogea mbele, mjomba akasimama nyuma yake.

Baada ya mazishi mjomba hakungoja chakula. Aliondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Njia yake ilipita katikati ya minazi ya wakfu, ambako wanafunzi wapya, waliobaki kuandaa chakula cha matanga, walikuwa wakikusanya nazi. Walimwamkia kwa adabu kwa kuwa hawakumjua, naye akaitikia.