Nimesifu Kopi Kwenye Usaili

Alhamisi, Julai. Asubuhi baridi kavu, jua kali lisilo na joto.

Leo nimekosa kazi kwa sababu nimesifu birika.

Ofisi iko Sandton, upande wa matajiri wa jiji letu. Wanataka mtu wa kumfundisha ukaguzi wa maumbo ya bidhaa: kitu kikiletwa kusajiliwa, unasema kama umbo lake ni jipya au limeigwa.

Nimejiandaa kwa miezi. (Nyie mnaonisoma hapa mnajua, mmechoka kunisikia.)

Wasaili wakaniwekea picha mbili. Birika la kwanza limeshasajiliwa, la pili linaombewa usajili.

"Unasemaje kuhusu hili la pili?" akauliza msaili mmoja, mama mwenye miwani.

Nikalitazama vizuri. Mkono, mdomo, kifuniko, vyote vilevile.

"Huyu fundi amepatia kabisa!"

Mama mwenye miwani akaandika neno moja.

Nyie mngejibuje? Mimi ni mshonaji wa mtaa wa Yeoville. Mteja analeta picha ya nguo, tunamtolea nguo ileile. Kwetu hiyo ndiyo sifa.

Nikajisahihisha haraka: hapana, limeigwa, nisingelipitisha. Lakini mama yule alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Nikarudi dukani ninaposhonea, nikamsimulia Mama Neema, Mkongo mwenye duka.

"Eish, mtoto yangu! Ulitaka useme nini? Kufanana na picha, njo kazi!" (Njo ni ndiyo ya kwao.)

Akanipa picha ya blauzi. Nikakata kitambaa. Sikulia. Sikuhisi chochote.

Jioni mteja akaja, akaishika blauzi kando ya picha yake.

"Dada, umepatia kabisa."

Nikasema asante.

Saa tano usiku sasa. Ndiyo nalala.