Mazabodi ya Levina

Levina hakusoma hata darasa moja, lakini namba alizijua. Alijifunza kwenye mizani huko Sikonge, akipima asali ya mizinga ya mumewe. Mume alipofariki, shemeji yake Wenceslaus, mdogo wa marehemu, alingoja matanga yaanuliwe tu, akamwambia afungashe. Nyumba ya ukoo, mizinga ya ukoo. Levina akaondoka na madebe mawili ya asali na kinyongo, na miaka sita baadaye asali ilikuwa imekwisha, kinyongo bado.

Akaanza upya Isikizya, kwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na ofisi za halmashauri. Laptopu aliinunua mpya, imo kwenye boksi lake. Magreth, binti wa dada yake, ndiye aliyechapa.

Laptopu ilipoanza kuzimikazimika, ndugu wa mume wakamshika masikio. Wenceslaus sasa ni fundi kompyuta Tabora mjini, mpelekee, chuki iishe. Akakubali, na hilo ndilo kosa lake. Shemeji alikaa nayo siku nne, Levina alipoifuata akamkabidhi. "Bure kabisa, shem. Kwa ajili ya kaka."

Wiki haikuisha, kwenye kona ya kioo yakatokea maandishi ya kufifia ambayo hayakufutika. Magreth akayasoma: Windows inadai leseni. Akabonyeza kila palipobonyezeka, akazima, akawasha, akaunganisha intaneti. Jibu likawa lile lile: hakuna ufunguo uliopatikana kwenye kifaa hiki.

"Ufunguo gani? Mimi niliinunua dukani!" Levina alisema.

Alibeba laptopu mpaka mjini kwa Esperansi, binti wa Ulyankulu anayetengeneza kompyuta karibu na stendi. Esperansi akacheka kidogo.

"Mama, mashine kama hii hupewa ufunguo kiwandani. Haupo kwenye karatasi, umo ndani ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Hata ukifuta kila kitu ukaweka Windows upya, inausoma yenyewe. Ukibadilisha ubao, ufunguo umekwenda na ubao."

"Na nani kabadilisha?"

Esperansi akaandika maneno machache, namba ikatokea kwenye kioo. Akaigeuza laptopu, akamwonyesha stika ya tumboni. "Hii ni namba yake ya kiwandani, na ubao nao huibeba. Linganisha mwenyewe."

Levina akalinganisha kwa kidole, tarakimu moja moja. Alipofika ya pili tu, ikakataa. Hapo akakumbuka: siku alipochukua laptopu yake, kwa Wenceslaus kulikuwa na nyingine inayofanana nayo kama pacha, inauzwa, stika imebanduliwa.

Hakulia. Alimwomba Esperansi amsindikize dukani kwa shemeji.

Walifika saa nne asubuhi, duka limejaa. Levina akaanza kwa utani, maana shemeji hutaniwa na hana ruhusa ya kununa.

"Mume wangu mdogo! Mizinga ulichukua, nyumba ulichukua. Leo nimekuja unimalizie, unichukue na mimi!"

Watu wakaangua kicheko. Wenceslaus naye akacheka, afanyeje?

"Wewe mzee sana, shem, utanivunjia kitanda!"

"Basi niuzie hii laptopu." Levina akaonyesha ile pacha isiyo na stika. "Mtaalamu wangu aikague kwanza."

Mbele ya watu wale angekataaje? Esperansi akaiwasha, akaandika yale maneno yake, akaanza kusoma kwa sauti kilichomo kwenye ubao. Levina akageuza laptopu yake mwenyewe, akasoma stika. Nne, nne. Saba, saba. Sifuri, sifuri. Walipofika tarakimu ya sita hakuna aliyekuwa akicheka.

"Zimefanana tu," Wenceslaus alisema.

"Zote? Fungua, rudisha ubao wangu. Hapa hapa, watu wakiona."

"Shemeji, tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akafungua. Skrubu mbili zikamdondoka, na Levina hakuinama kumwokotea. Ubao uliporudi na intaneti kuunganishwa, maandishi ya kona yakatoweka bila mtu kuandika ufunguo wowote.

"Haya, umepata chako," shemeji akanong'ona. "Nenda kwa amani, dada yangu."

Angeweza kwenda. Ndugu wangemsifu. Levina akavuta stuli ya fundi, akakaa katikati ya mlango. Mzee Awadhi, muuza vitambaa, alikuwa ameikumbatia laptopu yake iliyotoka kutengenezwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama."

"Igeuze tumbo juu. Esperansi, msomee."

Nyuma ya mzee, watu watatu walikuwa wameshageuza za kwao.