Mama Kabla ya Viatu

Watu wanaosema uzuri umejaa kila mahali, mradi tu uwe na macho ya kuuona, sina hamu nao. Miaka ya sabini nilipita mbele ya duka la mmoja wao kila asubuhi nikienda kazini pale Voi, na mpaka leo nikimwona mtu na kamera barabarani nageuza uso.

Alikuwa na studio karibu na soko. Ndani palikuwa na pazia lililochorwa maua na ndege ya abiria, na kiti kimoja cha wateja. Wateja wakikosekana, bwana huyo alitoka na kamera yake kifuani kuwinda watu. Alimpiga picha fundi viatu akiwa amesinzia na sindano mkononi, akawapiga wanawake wakigombania kivuli. Picha iliyomfurahisha zaidi aliikuza na kuiweka dirishani, nyuma ya kioo, bila kumwuliza mwenyewe.

Mama yangu aliteremka kutoka Chawia, kule milimani, siku za soko na gunia lake la kabichi. Viatu vyake vyeusi vya kanisani alivifunga kwenye gazeti, akavitia kikapuni. Akishuka kwenye basi alikwenda kwanza kwenye bomba la karibu na stesheni, akaosha vumbi jekundu miguuni, akajifuta kwa upindo wa leso, ndipo akavaa viatu. Kwake yeye, hapo ndipo alipofika Voi. Kabla ya hapo alikuwa bado njiani, na mtu wa njiani hatazamwi. Wanawake wote wa milimani walilijua hilo. Hata marafiki hawakusalimiana pale bombani mpaka kila mmoja amalize kufunga viatu vyake.

Asubuhi moja nikamkuta Mama dirishani, nyuma ya kile kioo. Kamba ya katani imemkaza kwenye paji la uso na gunia liko mgongoni, maana hakuwa na mtu wa kumsaidia kulipandisha tena. Mguu mmoja ameuinua chini ya maji, leso imepanda gotini, kisigino kimepasuka, na mdomo uko wazi anacheka kwa sababu ya ule ubaridi. Watu walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mwanamke mmoja wa ofisini kwetu akaniambia, "Tazama huyu mama alivyo mzuri." Nikamwambia ni mama yangu. Akakumbuka kwamba amechelewa.

Niliingia ndani.

"Itoe," nikasema.

"Dada, hebu iangalie kwanza. Angalia hayo maji."

"Maji ni ya bomba. Huo mguu ni wa mama yangu."

"Kwani huoni alivyopendeza?"

"Alikuja mjini kuuza kabichi. Hakuja kukupendeza wewe."

Akatabasamu, akasema nikizoea mambo ya sanaa nitamwelewa. Nilimchukia kwa tabasamu lile kuliko kwa picha yenyewe.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kumngoja Mama bombani. Nilingoja avae viatu, nikamweleza yote, nikidhani atakubali tupitie njia nyingine. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kioo. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Mbona hakungoja nivae?" akauliza.

Hakumgombeza yule mtu. Aliingia, akaketi kwenye kiti, akaweka viatu vyake sambamba na mikono magotini. "Sasa piga," akamwambia. "Na hii ndiyo utakayoweka pale." Mpiga picha akamwomba acheke kidogo. "Nicheke nini?" Mama akamwuliza, na picha ikapigwa hivyo hivyo.

Soko lililofuata, kweli, ile ya bombani ilikuwa imeondolewa. Mahali pake Mama alikuwa ameketi mbele ya ndege ya abiria, amenyooka kama ubao, kila kifungo mahali pake. Yeye mwenyewe alisimama kwenye baraza ya duka la ng'ambo ya barabara, kabichi zikinyauka kando yake, aone watu wakimtazama. Nilisimama naye. Watu wakapita, na wengine wakapita. Kijana mmoja alisimama, Mama akanishika mkono. Kijana akajichana nywele kwenye kioo, akaenda zake.

"Ile nyingine, walikuwa wanasimama?" akaniuliza.

Nikasema sikumbuki.

"Wewe je, kwa hii ungesimama?"

"Ningesimama, Mama."

Akaniangalia vile alivyoniangalia utotoni nilipomwambia kwamba nimenawa.

Jioni ile hakuvua viatu bombani kama desturi yake. Alipanda basi navyo, na tangu hapo akawa anavivaa kuanzia mlangoni kwake, kwenye matope ya Chawia, mpaka soli zikaachia. Sokoni alikwenda kwa njia ya nyuma, isiyopita mbele ya studio. Kwa hiyo hakujua kwamba yule bwana, hata wiki haijaisha, aliirudisha picha ya bombani dirishani, na watu wakaanza kusimama tena. Niliingia kumtukana, na nilimtukana vizuri. Nilipotoka nikasimama nyuma ya wale watu, nikaitazama mpaka nikachelewa kazini. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo sijamsamehe.