Jeli Iliyoogopa Jua

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikujisumbua kumpenda. Alikuja kwetu Kitengela kwa wiki moja akakaa miezi mitatu, akikagua sufuria zangu, na tumbo langu ambalo kwa miaka minne halikuwa limebeba kitu.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Wanafunzi walirusha mawe, chuo kikafungwa, nami nikabeba nyumbani kazi yangu ya shahada ya pili ya kemia: vipande vinane vya jeli ya kijani, kila kimoja saizi ya kifungo cha koti. Vikiwa gizani kwenye maji baridi, vilinywa maji vikavimba. Vikipata joto au mwanga mkali, vilitema maji hayo, vikasinyaa na kupauka. Ukivirudisha kwenye baridi, vinavimba tena. Friji hatukuwa nayo, na nyumba ya mabati mchana ni tanuri. Kwa hiyo nilivitia kwenye chupa, nikaivisha soksi nyeusi na kuizamisha kwenye mtungi wa maji chini ya kitanda.

Mume wangu alijua yote hayo. Nilimwekea kipande kiganjani, kikasinyaa kwa joto la mkono wake, akacheka na kuomba kingine.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta akina mama wa maombi wamejaa uani. Mama mkwe alikuwa amejipa kazi ya kufagia chini ya kitanda changu. Chupa alikuwa nayo mkononi, soksi ameitupa. Nilimwomba aniache nieleze. Alivimwaga vipande vyote juu ya kipande cha bati, kwenye jua la saa saba.

Jeli ilifanya kile hasa nilichoitengeneza ifanye. Ilijikunyata, ikapauka, maji yakachuruzika. Wanawake walirudi nyuma wakikemea kwa jina la Yesu.

"Mmeona?" mama mkwe akasema. "Hii kitu iko na roho. Hii ndio imefunga mtoto wangu."

Sijawahi kumchukia mtu jinsi nilivyomchukia yeye dakika ile. Nilimgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, nikamwomba awaambie ni nini. Sentensi moja ingetosha.

Aliangalia viatu vyake. "Mama, mimi hiyo kitu siijui."

Ningeweza kuchota maji baridi na kuwaonyesha vikivimba upya. Lakini hamu ya kumthibitishia mtu yeyote chochote ilikuwa imenitoka. Nilivikusanya kimoja kimoja, bati likiniunguza vidole, nikaingia ndani.

Mume wangu alinifuata. Alinong'ona kwamba nikimwomba mama msamaha mambo yataisha, na jeli nyingine nitatengeneza tu.

Nilimwambia asogee, kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya sanduku langu la nguo.