Chasisi Kando ya Kaburi

Chasisi ilikuwa imekaa mahali ambapo kaburi lilipaswa kuchimbwa. Kwetu mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na upande huo wa nyumba yetu ndipo mume wangu alipokuwa ameilaza chasisi ya Landrova kuukuu juu ya nguzo nne fupi za mawe na saruji, akaifunika kwa turubai. Hakuna aliyeuliza kama kaburi linaweza kusogezwa. Mimi pia sikuuliza. Asubuhi ya mazishi shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliwaita vijana wa kijiji, wakaiinua mabegani na kuipeleka kwenye migomba. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake wenzangu. Nilisikia ikitua, pembe moja kwanza, halafu nyingine.

Tangu siku hiyo watu wakasema kwamba gari la marehemu lilipindwa na waliomzika.

Landrova hiyo tuliitoa Magwagwa, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mkulima wa majani chai, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Mume wangu hakuwa makanika. Alikuwa fundi wa kujenga. Alisema gari nalo ni nyumba, unaanzia msingi, na akalifungua lote mpaka likabaki mifupa. Milango tuliisimamisha nyuma ya makochi. Injini ilikaa katika jiko la zamani chini ya gunia, na kuku mmoja akawa anataga ndani ya tairi la akiba. Wageni walikunywa chai wakiwa wameegemea mlango wa gari, na baada ya muda wakaacha kuuliza.

Chasisi yenyewe ni vyuma viwili virefu, na vingine vifupi vinavyokingama katikati kuvishikanisha. Vile vifupi vilikuwa vimeliwa na kutu. Akavikata, akatengeneza vipya. Kupima alipima kama anavyopima msingi wa nyumba: kamba kutoka pembe hii hadi pembe ile ya mkabala, unafunga fundo, halafu unaihamisha kwenye pembe mbili zilizobaki. Fundo likiangukia palepale, pembe ziko sawa. Likikosa, nyumba imekwenda upande. Gari nalo litatembea kama mbwa, ubavu ukitangulia. Mimi nilikuwa nashika ncha ya pili. Shule niliiachia darasa la nane, lakini kamba najua kuishika.

Kile kifupi cha mbele alikichomelea mwenyewe mpaka mwisho, kwa mashine ya kukodi, siku ambayo mimi nilikuwa soko la Daraja Mbili nikiuza ndizi. Vile vingine alivishika kwa nukta tu za moto, vikae, atavimalizia. Alikuwa ameanza kuugua, na ugonjwa ukazidi. Hakuvimalizia.

Miezi ikapita, turubai likachanika. Jumamosi moja tukitoka kanisani shemeji alinifuata hadi mlangoni.

"Shemeji, kesho kutwa kuna lori la chuma chakavu linapita huku. Nimewaambia waingie hapa."

"Nani alikuambia uwaite?"

"Tuliipinda. Kila mtu anajua. Utaiangalia hivyo mpaka lini?"

Alisema hivyo akiwa ameupa mgongo upande wa migomba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku hizi alikuwa akija kwangu kwa njia ya juu, inayozunguka mbali. Yeye ndiye aliyeshindwa kuiangalia.

Nilimwomba Jumapili moja tu. Nikimpata welda, fundi wa kuchomelea, akasema haifai, lori liichukue, na milango na injini pia. Akikubali kuinyoosha, inabaki. Shemeji alikubali, lakini kama mtu anayemkubalia mtoto.

Welda alikuwa mtu wa upande wa ziwani mwenye karakana Mosocho. Alikuja kwa pikipiki, mashine imefungwa nyuma, na winchi ndogo ya mnyororo ikiwa ndani ya kiroba. Shemeji alimwangalia akishuka, akaniambia kwa Kikisii, chinichini, kwamba huyu atakula chakula changu na kwenda zake.

"Chakula nitakula," welda akajibu kwa Kiswahili huku akifungua kamba za mashine. "Lakini mimi nimeoa hapa, bwana. Mkitaka kunisengenya, tafuteni Kichina."

Shemeji alicheka bila kupenda. Wakasaidiana na jirani wawili kuiinua chasisi na kuiweka juu ya mawe kwenye uwanja, hatua chache kutoka kaburini, kwa sababu hapo ndipo penye usawa kidogo. Sehemu nyingine yote ya boma letu ni mteremko.

Nikatoa kamba. Welda akashika ncha moja, mimi nyingine. Tukafunga fundo, tukahamia pembe zile mbili nyingine. Fundo lilipita tundu la chuma tulilopimia kwa upana wa vidole viwili.

"Nilisema," shemeji akasema, akakaa juu ya jiwe. Hakusema kwa kunikomoa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Vidole viwili vinavutika," welda akasema. "Ngoja kwanza."

Alikata zile nukta kwa grinda, akafunga winchi kutoka pembe hadi pembe, upande ule ulio mrefu, akaanza kuvuta. Mnyororo ukakaza. Ukaanza kutoa sauti nyembamba, kama waya wa ua unapopigwa na upepo. Akatuambia tusimame nyuma ya migomba, kwa kuwa mnyororo ukikatika hauchagui mtu. Akavuta tena. Chasisi ililia mahali fulani ndani yake, na haikusogea. Akasimama kufuta jasho.

"Hiki chuma cha mbele kimekataa. Kimechomelewa kabisa. Nikizidi kuvuta, chuma kirefu kitapinda chenyewe, na hapo, mama, ni lori kweli."

"Sasa?"

"Nikate hapa."

Nilisogea nikapagusa. Ule mstari wa kuchomelea ulikuwa na mawimbi madogo yaliyofuatana, mazuri, ya mtu asiye na haraka. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoimaliza mume wangu duniani. Kuna koti lake nililowapa watu bila shida, na viatu. Hapa nilisimama mpaka shemeji akaniambia, "Acha basi. Lori liichukue hivyo hivyo."

"Kata," nikamwambia welda.

Alilegeza mnyororo kwanza, akauondoa kabisa. Akatueleza sababu, akiwa amechuchumaa. Chuma kilicholazimishwa hukaa na nguvu ndani yake. Kama chasisi hii ilipindwa ilipobebwa, basi mahali pale pa mbele pamekuwa pakivumilia mzigo tangu siku hiyo, na akimaliza kukata, chuma kitaruka kurudi kwake. Kinaweza kumvunja mtu mguu.

"Msikaribie hata kidogo," akasema.

Grinda ikaanza. Cheche zilirukia majani makavu ya migomba na jirani akawa anazikanyaga. Shemeji alisimama, mikono kifuani, akitazama ile pembe. Mimi pia nilikuwa nikiitazama, na nitasema ukweli, niliomba iruke. Grinda ilipobadilisha sauti nilijua chuma kimebaki kidogo. Welda akarudisha mguu nyuma, akanyoosha mikono mbali na mwili, akakata pale pa mwisho.

Haikuruka.

Chuma kilibaki kimetulia, na mwanya mwembamba pale grinda ilipopita. Welda akaizima. Akaweka kidole kwenye mwanya, akakitembeza juu hadi chini. Halafu akaniangalia mimi, siyo shemeji, na nikaona ameshajua.

"Chuma nacho kina mambo yake," akasema polepole. "Siku nyingine hakiruki tu."

"Kwa hivyo?" shemeji akauliza.

Welda akajishughulisha na waya wa mashine. Alikuwa ameniachia mlango wazi, nami ningeweza kupita kimya. Mume wangu alijulikana hapa kwetu kwa pembe zake. Nyumba ya shemeji huyuhuyu alijenga yeye, na ukuta wa kanisa letu alisimamisha yeye, na mtu akitaka kusifu kazi ya fundi mwingine alikuwa akimlinganisha naye. Zaidi ya hayo, hana kingine alichowaachia watu. Ningenyamaza, na vijana wale wangeendelea kuwa ndio walioharibu, na shemeji angeendelea kupita njia ya juu.

"Kwa hivyo si nyinyi," nikasema. "Ilikuwa imepinda kabla. Aliichomelea hivyo."

"Nani?"

"Yeye. Homa ilikuwa imemshika, mimi nilikuwa sokoni, akapima peke yake."

Shemeji alisimama akanikaribia. "Shemeji, usimseme hivyo. Yuko hapo."

"Najua aliko."

Jirani wakaangalia chini. Shemeji aligeukia welda, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kupigana. "Wewe, huyu mama anasema kweli?"

"Ingekuwa nyinyi, ingeruka," welda akasema. "Ingeniumiza."

Shemeji akaenda kwenye ile pembe, akachuchumaa, akaingiza kucha ndani ya mwanya. Alikaa pale muda mrefu, mgongo wake umetugeukia. Sikujua kama analia au ana hasira na mimi, na mpaka leo sijamuuliza. Aliposimama, alichukua mkono wa winchi kutoka kwenye kiroba.

"Inafungwa wapi?"

Walivuta yeye na welda, taratibu, mimi na jirani mmoja tukiwa na kamba. Kila walipovuta tulipima, na kila tulipopima fundo lilikuwa limekaribia tundu. Mara moja walivuta kupita kiasi, fundo likavuka upande wa pili, na welda akatukana kwa lugha ya kwao. Shemeji akamwambia, "Hiyo nayo tunaijua." Wakalegeza. Tukapima tena. Fundo likaingia tunduni, pande zote mbili.

Welda akachomelea palepale, mnyororo ukiwa bado umekaza, pembe zote, bila kupumzika. Mstari wake haukuwa mzuri. Ulikuwa na vinundu. Nilimpikia, akala, akasifu mboga.

Lori lilikuja Jumatatu likapiga honi chini barabarani. Shemeji ndiye aliyeteremka. Sikusikia aliyowaambia, lakini liliondoka tupu.

Sasa chasisi imepakwa rangi nyeusi na springi zimerudi. Huku kijijini bado wapo wanaosema vijana ndio walioipinda. Mtu akisema hivyo mbele yangu namwambia ilivyokuwa. Si rahisi. Wiki iliyopita nilimwambia mama mkwe, naye akaweka kikombe chini, akaingia ndani, na hajanisemesha tangu siku hiyo.